Maji ya Wagdi

Habari kwamba wakubwa wa mkoa wanataka kung'oa maji ya Wagdi ilimkuta Attiyat amepiga magoti kituoni, mkono umezama kwenye karai la chini ya mabomba, anasugua utelezi wa kijani. Aliyeileta alikuwa Bayumi, mkuu wa madereva wa njia ya Tanta. Jua lilikuwa bado halijapanda juu ya reli, lakini kituo cha Mit Sanhur kilikuwa kimeshafurika. Wapiga debe walikuwa wanapayuka Tanta, Mahalla, Kairo, na moshi wa magari ulikuwa umeshaanza kuwawasha watu macho.

"Inuka kwanza, Mama Wagdi, ukae kwenye kiti," alisema Bayumi. "Neno lenyewe si la kumwambia mtu aliyeko chini."

"Mimi maneno makubwa yote nimeambiwa nikiwa chini. Wewe sema tu."

Bayumi akasema. Kuna mhandisi mwanamke ametoka makao makuu ya mkoa, tangu Idi ipite anapimapima kituo na kamba yake. Anataka kukipangua chote. Magari yaingilie lango la reli, yatokee lango la sokoni, yaende mbele tu. Katikati ijengwe njia ya waenda kwa miguu, iinuliwe, iwe na paa na mabenchi, hata na mteremko wa viti vya wagonjwa. Na hapo katikati ndipo penye maji.

"Kwa hiyo atayang'oa."

"Kama jino bovu. Lakini hawezi bila wewe. Mkuu wa mji kamwambia maji ya marehemu yeye hayagusi, akazungumze na mama mtu. Anakuogopa."

"Mkuu wa mji aniogope mimi?"

"Nani asiyemwogopa mfiwa? Jumapili kuna kikao. Wewe njoo ukae mbele, basi. Hata usiposema kitu. Ukitoa machozi mawili, kazi imekwisha." Akachomoa mfuko wa nailoni chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na mabomba matatu mapya, yanang'aa. "Haya madereva wamechanga. Yale yako yanavuja."

Attiyat akayapokea mabomba kwa mikono miwili. Watu hawa, ukiwaona wanavyotukaniana mama zao kwa ajili ya abiria mmoja, huwezi kudhani wana kifua chenye kitu ndani. Lakini ni wao waliochanga hata sanduku lenyewe, hilo la chuma lenye mtambo wa baridi, mwaka ule Wagdi alipogongwa hapohapo na gari lililokuwa linarudi nyuma. Dereva alikuwa shemeji yake Bayumi. Wazee walikaa kusuluhisha, na Attiyat akakataa fedha za damu. Alitaka kitu kimoja tu, maji ya sabili yawekwe mahali mwanawe alipoangukia, ili kila mwenye kiu anywe na thawabu zimfuate kaburini. Jiwe la marumaru lilibandikwa mbele yake: Mpita njia, kunywa, kisha umsomee Wagdi Fathallah Fatiha. Tangu siku hiyo Attiyat hajawahi kukosa asubuhi hata moja. Umeme unatoka kwa Shukri wa mkahawa wa kituoni, naye kila mwisho wa mwezi humwambia mbele ya wateja wake, "Mama Wagdi, maji ya peponi yanakula umeme wa duniani," nao wanacheka, naye anatoa paundi zake kwenye kifundo cha leso na kulipa.

"Nitakuja," alisema. "Na machozi sitoi. Nitawaambia wapite juu yangu kwanza."

Gari la Tanta lilikuwa limejaa. Mpiga debe akalipiga ubavuni, "Rudi, rudi, rudi, bado, rudi," nalo likaja kinyumenyume mpaka karibu na karai. Attiyat alisogea bila kuangalia. Bwana mmoja aliyekuwa anakunywa alijibana kwenye sanduku, kikombe kikiwa bado mdomoni, na gari lilipokwisha kugeuka akamalizia maji yake.

*

Mchana, mezani, alilieleza jambo hilo huku akigawa wali. Mumewe Fathallah, mstaafu wa shirika la reli, alikuwa ameinamia mlenda wake na hakuinua kichwa. Binti yao Nagwa, muuguzi wa wodi ya mifupa, alikuwa ametoka zamu na bado hajavua soksi.

"Mchoro wameubandika ukutani pale baraza la mji," alisema Nagwa. "Umeuona, Mama?"

"Nikautazame wa nini? Nikatazame watakavyolivunja kaburi la mwanangu?"

"Kaburi lake liko makaburini, Mama. Pale ni kituo cha magari."

"Nagwa," alisema Fathallah.

"Mwache aseme. Mtoto wangu wa tumbo anawatetea wavunjaji. Endelea, mwanangu, nipasue vizuri."

"Siwatetei wao, nawatetea abiria. Unajua juzi tumempokea nani? Msichana wa sekondari, mguu umesagika. Yuko katikati ya mitihani ya mwisho."

"Masikini. Kagongwa wapi?"

Nagwa alimtazama baba yake. "Kituoni."

"Kituoni wapi?"

"Nagwa, hebu nipe chumvi," alisema Fathallah. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Nagwa akaisogeza ile chumvi nusu shibiri. "Alikuwa anavuka," alisema, kisha akachukua sahani yake akaenda kumalizia chakula jikoni.

Attiyat hakulifuatilia. Kichwani mwake kulikuwa na Jumapili tu. Lakini ana desturi moja ambayo mji mzima unaijua: aumiaye kituoni, akipata habari zake, yeye huenda kumjulia hali, hata akiwa hamjui jina, kwa sababu siku ile Wagdi alipolala hospitali saa zake za mwisho kuna mwanamke asiyejulikana aliyekuja akamfunika shuka na kuondoka. Jioni akanunua maji ya embe na nusu kilo ya pera.

Nagwa alimkuta mlangoni anavaa viatu. "Usiende, Mama. Msichana ana ndugu zake."

"Tangu lini ndugu wakazuia mgeni?"

"Amechoka. Wamemlaza tu."

"Sitamwamsha."

"Mama, nakuomba."

Binti huyu si mtu wa kuomba. Attiyat alisimama na kiatu kimoja mguuni, akamwangalia, halafu akavaa cha pili.

*

Mlinzi wa lango la hospitali alimsimamisha akamwuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Aliposema si nani, akaambiwa asubiri pembeni na wasio na nani. Alisubiri juani na pera zake mpaka wakaja watu wa kumpenyezea mlinzi noti, na katika pilikapilika hiyo akapita.

Wodini, kando ya kitanda cha dirishani, alikaa bibi mmoja wa shamba, Bi Galila, na kitandani alilala mjukuu wake Ibtihal, mguu umening'inizwa. Attiyat alitoa salamu na kueleza kwamba yeye ni mama wa kituoni tu, wa yale maji. Bi Galila akainuka. Kabla Attiyat hajajua afanye nini, mkono wake ulikuwa umeshabusiwa.

"Wewe ndiye Mama Wagdi? Mungu amlaze pema, Hajati. Mjukuu wangu huyu nikimpa senti za chupa ya maji anazificha. Anasema, bibi, mimi nitakunywa kwa Wagdi. Hakuna maji baridi kama yale."

"Nakunywa kila siku," alisema Ibtihal, na aibu kidogo. "Nikienda na nikirudi."

"Alhamdulillahi. Kunyweni, yenu hayo. Na hili lilikupata vipi, mwanangu? Wameniambia ulikuwa unavuka."

"Hapana. Nilikuwa nimeshamaliza kunywa. Nikasimama kumsomea Fatiha, si imeandikwa pale? Nilikuwa nimefumba macho. Gari la Tanta lilikuwa linarudi, na mimi sikulisikia."

Attiyat alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, ambacho kilikuwa na mtu. Mtu mwenyewe akasogeza miguu kumpisha.

"Ilikuwa siku ya fizikia," Ibtihal aliendelea. "Nilikuwa nimeisoma sana."

"Utafanya mwakani."

"Nitafanya mwakani," alisema msichana kwa utii, lakini uso aliugeuzia dirishani.

"Usihuzunike, Hajati," Bi Galila alisema. "Kudra. Yule marehemu wako hana kosa, wala maji hayana kosa." Akammiminia Attiyat yale maji ya embe aliyokuja nayo, akamshurutisha anywe.

Nagwa alikuwa amesimama koridoni, mgongo ukutani, anamngoja. Bila shaka alikuja nyuma yake kwa gari jingine.

"Wangapi?" aliuliza Attiyat.

"Mama, twende nyumbani."

"Nimekuuliza wangapi."

"Sijawahesabu."

"Muongo. Wewe unayehesabu hata punje za dawa."

Nagwa alivua miwani akaifuta kwa ncha ya ushungi. "Wengi. Mkono, nyonga, kisigino. Hugongwa wakiwa wanakunywa, au wanajaza chupa, au wamepanga foleni. Mzee mmoja wa Mahalla hakutoka."

"Hakutoka wapi?"

"Hakutoka hapa, Mama. Alifia hapa."

Mgonjwa alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, nao wakajibana wampishe. Attiyat alingoja mpaka kiti kikapita kona.

"Na baba yako anajua?"

"Baba ndiye aliyetukataza. Alisema ukijua utakufa. Alisema yale maji ndiyo yanayokutoa kitandani."

"Na Bayumi?"

"Bayumi ndiye anayewaleta. Anawabeba kwa gari lake, analipa plasta mfukoni mwake, na anatuomba tusikwambie."

"Mmenifanya mtoto mdogo," alisema Attiyat. "Mji mzima mmekaa mkanifanya mtoto. Mtu anakufa kwenye maji yangu, na mimi nabadilisha vikombe." Sauti ilimpanda, wauguzi wakageuka, naye hakujali. Uchungu aliousikia haukuwa ule wa zamani aliouzoea. Huu ulikuwa na hasira ndani yake, na hasira kubwa kuliko zote aliielekeza kwake mwenyewe.

Nyumbani alimkuta Fathallah anasikiliza redio.

"Ulijua."

Fathallah akaizima. Hakuuliza nini. "Nilijua."

"Ukaniacha nikisugua karai."

"Wa kwanza alipoumia nilitaka kukwambia. Nilifungua mdomo kabisa, hapahapa." Akaiweka redio mezani. "Siku hiyo ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kula. Ulikula yai zima. Nikasema nitamwambia kesho."

Attiyat alitaka kumpiga kwa maneno, na maneno alikuwa nayo. Lakini alikaa karibu naye, na wakakaa hivyo, redio imezimwa, hakuna aliyewasha taa.

*

Jumapili ukumbi wa baraza la mji ulijaa madereva, na jasho lao likajaa pamoja nao. Bayumi alimpokea Attiyat mlangoni kama bibi harusi, akampitisha katikati ya watu mpaka kiti cha mbele. Hapo ndipo alipoiona picha. Walikuwa wameikuza sura ya Wagdi, ile picha aliyopigwa siku alipopokelewa chuoni, wakaibandika kwenye ubao, na dereva kijana amepewa kazi ya kuinyanyua. Hakuna aliyemwuliza mama mtu. Sehemu ya nywele wameikata ili picha itoshe ubaoni.

"Mmeipata wapi?"

"Kwenye simu, kwa rafiki zake," alisema Bayumi. "Si nzuri? Mkuu wa mji akiiona tu atalainika."

Fathallah na Nagwa walikaa nyuma yake. Hawakujua atasema nini. Tangu juzi alikuwa hajamwambia mtu kitu.

Mkuu wa mji alifungua kwa dua, akamwombea Wagdi rehema, akawaombea wafu wote wa Waislamu na majirani zao Wakristo, akasema serikali haina moyo wa jiwe. Kisha akampisha mhandisi. Huyu, Inas kwa jina, alikuwa dada wa makamo, sauti imekauka kwa kubishana na madereva, viatu vyeupe kwa vumbi la kituo. Alitundika mchoro ukutani na kuanza kueleza taa zitakaa wapi, vyoo vya wanawake wapi, paa litaanzia wapi. Kila baada ya sentensi kulikuwa na mtu nyuma anakohoa kwa makusudi.

"Mhandisi," alisema Attiyat. Hakuinuka, wala hakunyoosha mkono. Watu wakanyamaza kwa sababu ni yeye. "Hapo naona mistari miwili, wa bluu na mwekundu. Ya nini?"

"Wa bluu ndio tuliochora mwanzo, Hajati. Mwekundu ndio tulioambiwa tuchore baadaye."

"Huo mwekundu mbona unapinda?"

"Hajati, hayo ni mambo ya kitaalamu," alisema mkuu wa mji kwa upole. "Wewe usijichoshe."

"Nimemwuliza yeye."

Inas alimtazama mkuu wa mji, kisha akamtazama Attiyat, na ilionekana wazi kwamba anachagua. "Unapinda kwa ajili ya maji. Tumeambiwa yasiguswe. Yakibaki hapo, magari ya Tanta na Mahalla hayana nafasi ya kutokea mbele. Itabidi yaendelee kurudi nyuma kama sasa."

"Na wanaokunywa watakuwa wapi?"

"Nyuma ya magari," alisema Inas. "Kama sasa."

Attiyat akainuka. Akashika mgongo wa kiti. "Basi jengeni wa bluu."

Ukumbi ukalipuka. Wengine walidhani hakuelewa, wakaanza kumwelekeza kwa sauti. Bayumi alimjia upesi akamshika kiwiko.

"Mama Wagdi, umechoka. Kaa. Hujui umesema nini."

"Niachie mkono."

"Yale maji ni suluhu. Yaliwekwa mbele ya wazee. Ukiyang'oa, umeivunja suluhu kwa mkono wako."

"Suluhu ilikuwa nisimdai shemeji yako damu. Simdai, leo wala kesho. Lakini Ibtihal hakukaa kwenye suluhu yetu. Mzee wa Mahalla hakukaa."

Bayumi alirudi nyuma hatua moja. "Nani kakwambia?"

"Kwani wewe hukuwaona? Wewe si ndiye uliyewabeba? Mungu akulipe kwa kuwabeba, sikatai. Lakini ulikuwa unawapeleka hospitali, halafu unaniletea mabomba." Aliutoa ule mfuko wa nailoni mkobani, akauweka kwenye kiti alichokuwa amekalia. "Kurudi nyuma kunawafaa nyinyi. Kila mtu anachomoka anapotaka, anamwibia mwenzie abiria. Mkiingia kwenye mstari mtafuata zamu. Semeni hivyo, ni haki yenu kusema, mna watoto wa kulisha. Msiseme Wagdi."

"Mama gani anayemkatia mwanawe sadaka?" ilisema sauti ya nyuma, na wawili watatu wakaguna kuiunga mkono.

Nagwa alikuwa ameshasimama amjibu, lakini Attiyat alimpungia mkono akae. Neno lile lilikuwa limempata penyewe. Lakini hakujibu kwa ukali.

"Mama huyu. Wazee walitaka tuyaweke pembeni, ukutani, penye kivuli. Waulizeni walio hai. Mimi nikakataa. Niliwalilia, nikasema lazima pale pale alipoangukia, kila mtu akanyage pale na amkumbuke mwanangu. Mimi ndiye niliyewaweka watu nyuma ya magari. Madereva hawakupachagua, serikali haikupachagua. Na aliyemsikia mfiwa akaogopa kumwambia hapana, naye ana sehemu yake, lakini ndogo." Akamgeukia kijana wa ubao. "Teremsha hiyo picha, mwanangu. Mikono itakuuma."

Kijana akaiteremsha.

Mkuu wa mji sasa alikuwa ameshapata njia, uso wake umefunguka. Alimsifu Attiyat kwa hekima na uzalendo, akasema maji yatatafutiwa mahali pengine panapostahili, bajeti ikiruhusu.

"Wapi?"

"Tutaangalia."

"Ipo nafasi ukutani, chini ya paa," alisema Inas. "Mimi nimeichora. Lakini siwezi kukuahidi, Hajati. Sina mamlaka hayo."

"Umesema kweli, na mimi sitaki ahadi." Attiyat alijua maana ya tutaangalia. Aliambiwa tutaangalia alipoomba taa baada ya msiba, na mpaka leo kituo ni giza. "Nataka liandikwe jambo moja, kwamba hakuna gari litakalorudi nyuma ndani ya kituo, la njia yoyote. Liandikwe na mkuu atie sahihi."

"Litaandikwa, Hajati, kwenye taarifa ya kikao."

"Liandikwe sasa. Mimi nina nafasi."

Akakaa. Mkuu wa mji alitazama saa, akatazama madereva, akacheka kidogo akidhani ni utani. Attiyat alikuwa ameshajikunjia mikono. Karani akapiga chapa. Nagwa akasoma kwa sauti, akamrudishia karani kwa sababu alikuwa ameandika "inapowezekana," na karani akapiga upya. Ndipo mkuu akatia sahihi, na Attiyat akaondoka. Madereva walimpisha njia, lakini hakuna aliyemsalimu.

*

Hakungoja mafundi wa serikali. Ujenzi unaweza kuanza baada ya mwezi au baada ya mwaka, na watu wana kiu leo. Asubuhi iliyofuata alikwenda kituoni na Fathallah, ambaye alibeba spana zake za reli. Tangu msiba, Fathallah alikuwa hajakanyaga pale. Safari zake zote hupandia barabarani. Alisimama langoni akivuta pumzi, mkewe akamngoja bila kumharakisha.

Shukri mwenyewe ndiye aliyechomoa waya. Alitaka kusema utani wake, akaufungia kinywani. Fathallah akalegeza nati, moja moja, huku abiria wakifika na chupa zao.

"Maji yameharibika?"

"Yanahama."

"Yanahamia wapi?"

"Mtaa wa Madebe, nyuma ya msikiti mdogo," alisema Attiyat, na kila aliyeuliza alimjibu hivyohivyo, ingawa alijua hakuna atakayekwenda huko na gari lake liko tayari kuondoka. Wengine walinung'unika. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba si vizuri kuwanyima watu maji kwenye joto hili, naye akasema ni kweli, si vizuri.

Madereva walitazama, mikono kifuani. Sanduku lilipokuwa tayari, Fathallah alishika upande mmoja, Attiyat mwingine, likainuka kidogo na kurudi chini. Wakajaribu tena. Gari la Tanta lilianza kuja kinyumenyume upande wao, mpiga debe akilipiga ubavu. Ndipo Bayumi alipotoka kwenye kivuli cha mkahawa, akaenda akasimama nyuma ya lile gari, akaweka kiganja kwenye kioo chake.

"Zima," alimwambia dereva.

"Nimejaza, mkuu."

"Nimesema zima. Yeyote atakayerudi kabla hawajapita, atakutana na mimi."

Hakuwatazama, wala hawakumshukuru. Lakini vijana wawili waliona mkuu wao alivyosimama, wakaja wakashika pembe mbili zilizobaki, na sanduku likapita kati ya mikia ya magari mpaka kwenye mkokoteni uliokuwa unangoja langoni.

Waliliweka mlangoni pa nyumba yao, uchochoroni, wakavuta waya kupitia dirisha la jikoni. Adhuhuri maji yalikuwa yameshapata ubaridi. Attiyat akatundika vikombe, akaweka kiti, akakaa. Uchochoro wa Madebe haupitiwi na watu. Alipita muuza vitunguu, ambaye alikuwa ametoka kunywa chai. Akapita paka. Fathallah alitoka, akanywa vikombe viwili mfululizo bila kiu, akarudi ndani akijifanya ana kazi.

Attiyat aliweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa baridi na kilikuwa kinatetemeka kidogo kwa mtambo.

"Leo wanywaji wachache, mwanangu," alisema. "Huko walikuwa mamia, najua, na anayekupunguzia thawabu ni mimi mama yako. Nisamehe. Vumilia. Lakini hakuna tena atakayekunywa maji yako akakufuata."

Machozi yakamtoka, yale ambayo Bayumi aliyataka Jumapili, naye akayaacha mpaka yakaisha yenyewe. Kisha akainuka, akaenda kugonga kwa jirani wa juu, akamwambia ashuke na jagi lake.